Maswali na Majibu: Bakteria Hawazoei

Safari hii karibu maswali yote yamehusu vimeng'enya vya bakteria, nadhani kwa sababu mitihani ya mwigo imeanza. Yanayojirudia nimeyajibu kwa mstari mmoja. Yanayonikera nimeyajibu kirefu, mtanisamehe.

Shikamoo Mwalimu. Niliandika kwamba laktosi inawasha jeni za operoni ya lac. Nimepewa alama mbili kati ya nne. Je, sijaonewa? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Kibaha)

Marahaba. Hujaonewa, na mimi ningekupa moja.

Laktosi, yaani sukari ya maziwa, haiwashi kitu. Operoni ni kundi la jeni zinazosomwa kwa pamoja. Jeni zile tatu, lacZ, lacY na lacA, zimepangana foleni zikisubiri kusomwa. Anayezuia ni protini ya kizuizi, zao la jeni ya jirani iitwayo lacI, iliyong'ang'ania kipande cha DNA tunachokiita opereta. Sukari ikija inaishika protini hiyo, umbo lake linabadilika, nayo inaachia. RNA polimerasi, mashine ya kusomea jeni, iliyokuwa imekwama, inapita na kusoma. Kwa hiyo usiseme taa imewashwa. Sema aliyekalia njia ameondoka. Tofauti hiyo unaiona ndogo mpaka ukutane na swali la bakteria ambaye lacI yake imeharibika: huyo hutengeneza kimeng'enya usiku na mchana hata kama hajawahi kuona laktosi maishani mwake. Aliyekariri "laktosi inawasha" hulikosa swali hilo kila mwaka.

Pili, sukari inayoishika protini ya kizuizi si laktosi yenyewe. Ni alolaktosi, ndugu yake wa karibu, na inatengenezwa na beta-galaktosidasi, kimeng'enya cha jeni ya lacZ chenye kazi ya kuvunja laktosi, kinapoichezea laktosi. Hapo mwanafunzi mwenye macho huuliza: kimeng'enya hicho kimetoka wapi ikiwa jeni yake imezuiwa? Kimetoka kwenye uvujaji. Seli moja ya E. coli, bakteria wa utumbo, ina vizuizi kama kumi tu. Mara mojamoja kizuizi huteleza, opereta inabaki wazi kwa muda mfupi, na seli inapata molekuli za kuhesabika za kimeng'enya na za mlango wa kuingizia laktosi. Hizo chache zinatosha kuonja. Laktosi ikiwepo kweli, mlango mmoja unaingiza sukari, sukari inaleta milango mingine, na seli iliyokuwa na molekuli chache inajikuta na maelfu. Kimeng'enya kipya huanza kuonekana dakika mbili tatu tu baada ya sukari kufika.

Halafu glukosi, sukari anayoila kwanza bakteria huyu, hukuitaja kabisa. Kizuizi kikiondoka, polimerasi bado ni mvivu kwenye promota ile, yaani mahali inapoanzia kusoma. Inahitaji kusukumwa na protini nyingine, CRP, ambayo nayo hufanya kazi ikishikwa na AMP ya mzunguko, molekuli ndogo ya kupeleka habari ndani ya seli. Palipo na glukosi tele msukumo huo hupungua. Na zaidi ya hapo, glukosi inapoingia huuziba mlango wa laktosi, ikakosekana hata hiyo alolaktosi ya kumwondoa kizuizi. Vitabu vyenu vinaipa AMP ya mzunguko sifa zote na kuusahau mlango. Usiusahau.

Kwa hiyo bakteria wana akili ya kuchagua chakula?

Hawana. Na hii ni mara ya nne mwaka huu.

Mwalimu, tangu utotoni nimetumia amoksilini hadi mwili wangu umeizoea. Dukani wananishauri nipande dawa kali zaidi. Unasemaje? (Mama wa watoto watatu, Moshi)

Dada yangu, mwili wako haujazoea chochote. Amoksilini haina shughuli na mwili wako, ina shughuli na ukuta wa bakteria. Na bakteria nao hawazoei. Neno hili "kuzoea" nimelipiga vita tangu nikiwa na nywele nyeusi, na nitaendelea.

Tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, na kwa kuyachanganya tunakosea dawa. Mimi huyaita kuchochewa na kuchujwa.

Kuchochewa ni hivi. Mchukue Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu. Wengi wao wana jeni iitwayo blaZ, ya kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini. Jeni hiyo nayo ina kizuizi chake, BlaI. Kwenye utando wa seli kuna protini nyingine, BlaR1, kichwa kikiwa nje, mkia ndani. Penisilini ikikigusa kichwa, habari inafika kwenye mkia, kizuizi kinakatwa, jeni inasomwa, kimeng'enya kinamwagwa. Dawa ikiisha, utengenezaji unazimika. Hakuna aliyejifunza kitu. Jeni ilikuwepo kabla hujameza kidonge, na itakuwepo vilevile baada yake.

Kuchujwa ni jambo lingine. Katika mamilioni ya bakteria wa Enterobacter walioko mwilini mwa mgonjwa, wapo wachache ambao swichi yao ya AmpC, kimeng'enya kinachovunja dawa kama seftriaksoni, imeharibika kwa bahati mbaya ya kunakili DNA. Mara nyingi kilichoharibika ni jeni iitwayo ampD. Kwao kimeng'enya hakizimiki. Siku za kawaida ni mzigo tu, wanapoteza nguvu bure. Ukimchoma mgonjwa seftriaksoni, wenzao wenye swichi nzima wanakufa, wao wanabaki na nafasi yote. Mgonjwa anapata nafuu siku mbili tatu, kisha homa inarudi. Ndugu wanasema "wadudu wameizoea dawa". Hakuna mdudu aliyezoea. Waliokufa wamekufa, na waliobaki walikuwa hivyo tangu mwanzo.

Msidhani mimi ni mzee mbishi peke yangu. Wataalamu wenyewe walikuwa wakiliita jambo la kwanza "kuzoea kwa vimeng'enya". Mwaka 1953 watano wao, Cohn, Monod, Pollock, Spiegelman na Stanier, walitia sahihi barua fupi katika jarida la Nature wakataka neno hilo liachwe, badala yake litumike neno lenye maana ya kuchochewa. Sababu haikuwa ya lugha tu. Miaka hiyo huko Urusi ya Kisovieti, Lysenko, mtaalamu wa kilimo, na watu wake walikuwa wakifundisha kwamba mmea hufundishika na mazingira kisha ukawarithisha watoto mafunzo yake, na waliobisha walipoteza kazi, wengine na uhai. Monod, aliyekuwa amejiunga na Wakomunisti wakati wa vita, aliandika gazetini mwaka 1948 kuyapinga mafundisho hayo. Mtu wa namna hiyo asingeweza kukubali kimeng'enya chake kiitwe kwa neno linalowapa akina Lysenko pa kuegemea.

Miaka miwili baada ya barua ile, Hogness, Cohn na Monod walithibitisha kwa salfa yenye mnururisho kwamba beta-galaktosidasi inayotokea baada ya kuchochewa hutengenezwa upya kabisa, haikarabatiwi kutoka protini ya zamani iliyokuwa imelala. Hapo hoja ya kufundishwa ilibaki bila mguu.

Sasa swali lako. Usipande dawa kali kwa ushauri wa dukani. Nenda kituo chenye maabara, wachukue sampuli, waioteshe, wakuambie ni bakteria gani na anakufa kwa dawa gani. Inawezekana pia ugonjwa wako si wa bakteria kabisa. Koo linalouma na mafua mara nyingi ni virusi, na virusi havina ukuta wa kubomolewa na amoksilini. Na kama kuna kapsuli zilizobaki kabatini, usimpe mtoto.

Tofauti ya operoni ya lac na ya trp (ya kutengeneza amino asidi ya triptofani) kwa sentensi moja, tafadhali.

Lac hufunguka malighafi ikifika, trp hufungwa bidhaa ikijaa ghalani.

Mwalimu, hapa hospitali ya wilaya tulimpima mgonjwa wa jipu. Staphylococcus alikataa erithromaisini, lakini klindamaisini ilionyesha duara zuri lisilo na bakteria kuizunguka diski, tukaandika inafaa. Mgonjwa alitumia, akarudi na jipu lilelile. Diski zetu zimeharibika? (Mtaalamu wa maabara, Kanda ya Ziwa)

Diski zenu nzima. Kilichokosekana ni kuziweka jirani.

Swali hili nimelipenda kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa kijana kwenye benchi, niliandika "inafaa" namna hiyo, na daktari wa wodi akanirudishia karatasi bila neno, akalizungushia wino mwekundu tu. Sikuelewa hadi nilipokwenda kusoma.

Bakteria huyo huenda ana jeni ya erm. Jeni hiyo hutengeneza kimeng'enya kinachobandika kikundi cha methili kwenye RNA ya ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, mahali palepale ambapo erithromaisini na klindamaisini zote mbili hushika. Pakishabandikwa, zote hazina pa kukaa. Lakini kimeng'enya hicho ni cha kuchochewa, na kichocheo kizuri ni erithromaisini. Klindamaisini peke yake haimwamshi. Kwa hiyo ukiweka diski ya klindamaisini mbali, jeni imelala, bakteria wanakufa, unaona duara zuri na unadanganyika.

Namna inavyolala ni tamu kuliko hata lac, na walimu wengi huiruka. Hapa hakuna kizuizi kwenye DNA. RNA mjumbe, nakala ya jeni inayosomwa na ribosomu, imeshatengenezwa, ipo, lakini imejikunja ikaficha mahali ribosomu inapotakiwa kuanzia kusoma. Mbele ya jeni kuna kijisentensi kifupi cha amino asidi chache. Ribosomu inakisoma, inamaliza, inaondoka, mkunjo unabaki. Erithromaisini ikiwepo kidogo, ribosomu inakwama katikati ya kijisentensi hicho, na kwa kukwama kwake inaukunjua mkunjo. Ribosomu nyingine iliyo huru inapata njia ya kuanza. Yaani dawa inayomkwamisha bakteria ndiyo inayomfungulia ghala la silaha.

Fanya hivi. Kwenye sahani ya agari ya Mueller-Hinton iliyopakwa bakteria wako, weka diski ya erithromaisini ya mikrogramu 15 na ya klindamaisini ya mikrogramu 2, ukingo kwa ukingo ziachane milimita 15 hadi 26. Otesha kwa nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Tazama duara la klindamaisini upande ule ulioelekea erithromaisini. Likiwa limebapa kama herufi D, jeni imeamshwa. Andika kwamba klindamaisini haifai. Usiandike "inafaa kiasi", usiandike "daktari aamue", na usimtumie ujumbe wa simu badala ya kuandika kwenye fomu.

Kwa nini mgonjwa arudi na jipu ikiwa klindamaisini haiamshi jeni? Hapa ndipo kuchochewa na kuchujwa kunapokutana. Miongoni mwa bakteria wa jipu wapo wachache ambao mkunjo wa RNA yao umeharibika, kwao jeni haijawahi kulala. Klindamaisini iliwaua wengine ikawaachia hao uwanja. Ukiotesha sampuli ya pili sasa, usishangae duara la klindamaisini likitoweka kabisa.

Kipimo cha ONPG, kile cha rangi cha kutafuta beta-galaktosidasi, kinanipa hasi hata kwa E. coli niliyethibitisha. Naotesha kwenye agari ya kawaida ya virutubisho.

Ndiyo sababu. Agari ya kawaida haina laktosi, kimeng'enya hakikuchochewa, rangi ya njano itatoka wapi? Chukua bakteria kutoka kwenye agari ya sukari tatu na chuma, au Kligler, ambazo zina laktosi ndani. Na usiondoe Shigella sonnei kwenye hesabu zako kwa kuwa tu hakuigeuza agari ya MacConkey kuwa ya waridi, alama ya kuila laktosi, siku ya kwanza. Kimeng'enya anacho, kinachomkawiza ni kuingiza laktosi ndani.

Maziwa yananivuruga tumbo. Nikinywa kidogokidogo kila siku, mwili utazoea, yaani jeni itachochewa kama ya bakteria? (Msomaji, Nakuru)

Umeweka "kuzoea" na "kuchochewa" katika sentensi moja, nimekusamehe kwa sababu swali ni zuri.

Hapana. Jeni yako ya laktasi haisikilizi laktosi. Watu wengi duniani hupunguza laktasi baada ya kuacha kunyonya, wanywe maziwa wasinywe. Wanaoendelea kuitengeneza hadi uzeeni wana herufi tofauti kwenye DNA, kiasi cha herufi 14,000 kabla ya jeni yenyewe, tena ndani ya jeni ya jirani. Huku kwetu ipo tofauti inayoitwa C-14010, ambayo kundi la mtafiti Sarah Tishkoff lililoandika mwaka 2007 liliikuta kwa wingi kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya. Wazungu wana yao, mahali tofauti kidogo. Ni kuchujwa huku, kwa maelfu ya miaka ya ufugaji, wala si kwa kikombe cha kila asubuhi.

Monod anahusishwa na msemo kwamba lililo kweli kwa E. coli ni kweli kwa tembo. Msemo mtamu, ila ukifika kwenye maziwa yako unagota. Sisi hatupangi jeni zetu kwenye operoni kama bakteria, na swichi zetu nyingi ziko mbali na jeni zinazoziamuru.

Ila kuna faraja mbili. Bakteria wa utumbo mpana wakipata laktosi kila siku, idadi na vimeng'enya vyao hubadilika, na baadhi ya watu huumwa kidogo zaidi kwa sababu hiyo. Wanaobadilika ni wapangaji, nyumba ni ileile. Pili, kunywa maziwa ya mgando. Bakteria wa mgando wamekwisha kula sehemu ya laktosi, na wanaingia tumboni na beta-galaktosidasi yao wakikusaidia kazi. Bibi zetu walilijua hili bila kuwahi kusikia operoni. Ukiharisha damu au ukipungua uzito, hiyo si laktosi, nenda hospitali.

Ni kweli insulini ninayojichoma imetengenezwa na bakteria wa kinyesi? Nimesikia nikashtuka.

Kweli, na usishtuke. Mwaka 1978 watu wa kampuni ya Genentech huko California waliunganisha jeni za minyororo miwili ya insulini ya binadamu na jeni ya lacZ, wakaziweka chini ya swichi ya lac ndani ya E. coli. Bakteria walidhani wanatengeneza beta-galaktosidasi, kumbe mkiani kuna insulini. (Nimeandika "walidhani". Yule wa swali la akili asianze.) Insulini ikakatwa kwa kemikali, ikasafishwa, na mwaka 1982 ikaidhinishwa Marekani. Kabla ya hapo ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe. Siku hizi nyingine hutengenezwa na hamira. Chupa yako haina kinyesi wala bakteria. Unachotakiwa kukihofia ni joto. Usiiache juu ya dashibodi, na usiiache kabisa kwa ajili ya mtu anayekuuzia mizizi stendi.

Mwalimu, niliotesha E. coli kwenye mchuzi wenye glukosi kidogo na laktosi. Mchoro wa ukuaji ulipanda, ukasimama kama nusu saa, ukapanda tena. Msimamizi anasema nimekosea kupima, ninyooshe mstari. (Mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili)

Usiunyooshe!

Mchoro huo ndio uliomsumbua Jacques Monod huko Paris, katikati ya vita, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani. Aliwapa bakteria mchanganyiko wa sukari mbili akapata ngazi yenye vipandio viwili. Mwishoni mwa 1940 alimpelekea mwanasayansi mwenzake André Lwoff, naye akamwambia hilo huenda ni jambo la vimeng'enya kuzoea (neno lile lile!), na Monod alikuwa hajawahi kulisikia. Mwezi huohuo, ng'ambo ya bahari huko Oxford, watafiti Abraham na Chain walikuwa wakichapisha habari za kimeng'enya cha E. coli kinachoiharibu penisilini, kabla dawa yenyewe haijaanza kutibu watu. Monod aliushikilia mchoro wake miaka ishirini. Mwaka 1959 yeye na wenzake Pardee na Jacob walichapisha jaribio la kuingiza jeni nzima za lacI na lacZ ndani ya bakteria asiyekuwa nazo: kimeng'enya kilianza kutengenezwa bila kichocheo chochote, kisha baada ya zaidi ya saa moja kikakoma, kizuizi kilipokuwa kimekusanyika cha kutosha. Mwaka 1961 Jacob na Monod waliiandika operoni kwa ukamilifu, na mwaka 1965 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na Lwoff.

Ile nusu saa yako ndipo bakteria walipomaliza glukosi, mlango wa laktosi ukafunguka, kizuizi kikaachia, beta-galaktosidasi ikaanza kujaa. Usibishane na msimamizi kwa maneno. Andaa chupa tatu zenye laktosi sawa. Ya kwanza weka glukosi uliyoweka mwanzo, ya pili nusu yake, ya tatu robo. Pima kila dakika kumi. Kama ni kosa la kupima, kituo kitatokea popote kinapotaka. Kama ni kuchochewa, kimo cha kipandio cha kwanza kitashuka hadi nusu, kisha hadi robo. Mpelekee hiyo michoro mitatu kwenye karatasi moja, mizani moja, bila kufuta nukta hata moja.